Kusoma bei na habari za Marekani ya 1960 hadi 1964 ukiwa Tabora au Kigoma

Katika nyumba nyingi za Tabora na Kigoma bado kuna sanduku la bati lenye karatasi za zamani: barua za ndugu aliyekwenda kusoma Marekani miaka ya Uhuru, gazeti la picha lililoachwa na mwalimu wa misheni au kijana wa Peace Corps (shirika la Wamarekani wa kujitolea), pengine na sarafu mbili tatu zilizofungwa kwenye kitambaa. Wajukuu wakifungua, kitu cha kwanza wanachokiona ni bei. Hamburger ya McDonald's senti 15, nauli ya treni ya chini ya ardhi New York senti 15, stempu ya barua senti 4. Papo hapo wanasema maisha yalikuwa ya bure. Mwingine anachukua kiwango cha dola cha leo, anazidisha, anapata shilingi mia tatu na kitu, na kuandika hivyo kwenye kazi ya shule. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanarekebishika kwa daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.

Njia ifuatayo ni ya kuitafsiri bei moja ya Marekani ya miaka hiyo hadi ieleweke kwa mtu wa Tabora, kisha kuiweka kando ya bei ambayo mzee wako mwenyewe aliilipa. Fuata mpangilio huu. Ukianza na fedha kabla ya tarehe, utarudia kazi yote.

Tarehe kabla ya bei

Wamarekani huandika mwezi kwanza, siku baadaye. Barua yenye 9/12/61 kichwani, kama iliandikwa Tabora, ni ya siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Kama iliandikwa Chicago, ni ya Septemba 12, karibu miezi mitatu kabla ya bendera kupandishwa. Kosa hili hutokea mno kwa sababu tarehe zote mbili zina maana. Namba ya kwanza ikizidi 12 mwandishi alifuata mtindo wetu. Ya pili ikizidi 12 alifuata wao. Zote zikiwa 12 au chini, usikisie. Itazame bahasha.

Bahasha ina ushahidi zaidi kuliko barua yenyewe. Barua ya kawaida ndani ya Marekani ilitumia stempu ya senti 4 tangu Agosti 1958 hadi tarehe 7 Januari 1963, ilipopanda kuwa senti 5. Namba ya posta ya tarakimu tano baada ya jina la jimbo ilianza tarehe 1 Julai 1963, kwa hiyo bahasha yenye namba hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. (Bahasha isiyo nayo haithibitishi chochote, kwa kuwa watu wengi walichelewa kuizoea.) Na kwa upande wetu, angalia anwani ya mpokeaji. "Tanganyika" ni jina la hadi Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Jina la Tanzania lilitangazwa mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Mtu wa mbali anaweza kuendelea kuandika jina la zamani mwaka mzima, lakini hawezi kuandika Tanzania kabla halijakuwapo.

Usizitoe stempu kwa maji ili uzihifadhi peke yake. Stempu iliyotenganishwa na bahasha yake imepoteza mhuri, na mhuri ndio wenye tarehe na mji.

Sarafu, kama zipo

Katika barua utakutana na majina ya sarafu badala ya namba. Nikeli ni senti 5, daimu ni senti 10, kwota ni senti 25. Daimu ni ndogo kuliko nikeli, ndogo hata kuliko senti moja, na watoto huipanga vibaya kwa sababu wanafuata ukubwa. Simu ya kibanda cha barabarani ilikuwa daimu moja.

Chukua kwota uliyonayo uishike kwa ncha za vidole, uitazame ubavuni na siyo usoni. Kama ubavu wote ni mweupe wa fedha, na mwaka uliochapwa ni 1964 au nyuma, hiyo ni fedha ya asilimia 90. Kama ubavuni kuna mstari mwekundu wa shaba, kama nyama katikati ya mkate, ni sarafu iliyotengenezwa baada ya sheria ya 1965 iliyoondoa fedha kwenye daimu na kwota. Ukiwa na mzani wa sonara, kwota ya fedha ina gramu 6.25, ile ya shaba na nikeli gramu 5.67. Ya zamani ikisagika huwa nyepesi kidogo, lakini haitashuka hadi 5.67 bila michoro yake kufutika kabisa.

Usiisugue kwa majivu na ndimu, wala kwa mchanga. Wengi hufanya hivyo ing'ae kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Weusi ulioko juu yake ni fedha iliyokutana na hewa kwa miaka mingi. Ukiusugua unaondoa na ngozi ya sarafu, na bei inaanguka palepale.

Sarafu za kwetu za wakati huo nazo zina faida kubwa katika kazi hii. Tulitumia shilingi ya Afrika Mashariki, yenye senti 1, 5 na 10 zilizotoboka katikati, senti 50 iliyoitwa sumni, na shilingi yenye simba. Hapakuwa na senti 20. Hiyo ilikuja na sarafu za Tanzania za mwaka 1966, ikiwa na picha ya mbuni. Kwa hiyo mzee akikuambia alinunua kitu kwa "ile senti ishirini ya mbuni", bei hiyo ni ya 1966 au baadaye, haijalishi anasema ni ya mwaka gani. Kumbukumbu ya mkono kwenye sarafu ni imara kuliko kumbukumbu ya mwaka.

Shilingi moja ilikuwa senti 14

Hapa hesabu ni safi kuliko watu wanavyodhani. Shilingi yetu ilifungwa kwenye pauni ya Uingereza, shilingi 20 kwa pauni, na tangu Septemba 1949 pauni ilikuwa dola 2.80. Gawa 2.80 kwa 20 unapata 0.14. Shilingi moja ni senti 14 za dola, kamili, bila mkia, kwa miaka yote tunayoizungumzia. Hata pauni iliposhushwa Novemba 1967, Tanzania haikuifuata.

Kwenda kinyume, kutoka dola kuja shilingi, jibu ni 7.142857 na kuendelea, na hapo ndipo watu hukata wakaandika 7. Usikate. Zidisha dola kwa 50, kisha gawa kwa 7. Mfano uko hapa Kigoma. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe Julai 1960 alikuwa na msaada mdogo wa miezi michache. Mwaka 1961 taasisi ya National Geographic ya Washington ilitoa dola 1,400 ili kazi iendelee. Mara 50 ni 70,000. Gawa kwa 7, ni shilingi 10,000 kamili. Aliyekata kwa 7 angepata 9,800, na shilingi 200 zilizopotea hazikuwa fedha ndogo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka ule.

Mfano mwingine ambao familia nyingi wataugusa: vijana wa Peace Corps. Mpango wa kwanza kabisa wa Peace Corps kutangazwa, Aprili 1961, ulikuwa wa Tanganyika: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia wa kusaidia barabara. Kila kijana aliwekewa dola 75 kwa kila mwezi wa utumishi, azipokee akimaliza, mbali na posho ya kula na kulala. Dola 75 ni shilingi 535 na senti 71 kwa mwezi. Kwa miaka miwili inafika dola 1,800. Wenyeji waliodhani kijana yule hana kitu kwa sababu alikula ugali nao walikuwa sahihi kwa siku ile, lakini akiba ilikuwa inamngoja kwao.

Angalia maandishi. Kwenye daftari za duka za zamani 7/50 ni shilingi saba na senti hamsini, na 2/- ni shilingi mbili bila senti. Siyo sehemu, wala siyo tarehe. Na kwa kuwa Marekani wana senti na sisi tulikuwa na senti, weka alama tangu ukurasa wa kwanza: D kwa senti za dola, S kwa senti za shilingi. Senti moja D ni zaidi kidogo ya senti 7 S. Daftari lisilo na alama hizo halifai kitu baada ya wiki mbili, hata kwa aliyeliandika.

Kipimo kilichofichwa ndani ya bei

Petroli Marekani mwaka 1960 ilikuwa karibu senti 31 kwa galoni. Mtu atabadilisha kuwa shilingi, atapata 2/21, na kulinganisha na galoni aliyoitaja dereva mstaafu wa lori pale Tabora. Lakini galoni ya Marekani ni lita 3.785, na galoni tuliyotumia, ya Kiingereza, ni lita 4.546. Galoni yetu ni kubwa kwa moja ya tano. Kwa hiyo zidisha bei yao kwa 1.2: senti 31 zinakuwa 37.2, nazo ni shilingi 2/66. Tofauti ya senti 45 S kwa galoni moja inatosha kugeuza hitimisho lako lote kuhusu nani alilipa zaidi.

Ratili ni ileile pande zote, gramu 454, na kwenye karatasi zao inaandikwa lb. Mayai ni kwa dazeni. Maziwa ni kwa nusu galoni (yao), yaani lita 1.9. Sukari ilifungwa ratili 5. Kwa upande wetu kazi ni ngumu zaidi, maana mzee hatakupa ratili kila mara. Atakupa kibaba, pishi ambayo ni vibaba vinne, fungu, kopo, chupa, debe. Debe ni galoni nne zetu, karibu lita 18. Debe la mawese na debe la mahindi ni ujazo mmoja lakini uzito mbalimbali kabisa. Debe la mahindi makavu lipime mwenyewe sokoni leo, likiwa limefutwa juu na siyo limerundikwa, uandike kilo zake. Kwa fungu la dagaa hakuna njia ya mkato: mwombe mzee akuonyeshe kwa viganja, weka dagaa wakavu kiasi hicho kwenye mzani, andika gramu. Chumvi ya Uvinza iliuzwa kwa vipimo vingi tofauti, kwa hiyo uliza chombo kabla ya kuuliza bei.

Weka sasa bei chache za wastani wa miji ya Marekani mwaka 1960, zikiwa zimeshabadilishwa, uzitumie kama vigezo vya kujipima. Mkate, ratili moja, senti 20 D, sawa na 1/43. Sukari ratili 5 kwa senti 58 D, yaani ratili moja senti 83 S. Dazeni ya mayai senti 57 D, ambayo ni senti 34 S kwa yai moja. Kahawa ratili moja senti 75 D, yaani 5/36. Ukipata jibu lililo mbali sana na haya kwa bidhaa ileile, kagua kipimo kwanza. Hesabu ya fedha mara chache huwa ndiyo yenye kosa.

Kuna jambo la kuongeza kwa bidhaa za dukani. Bei iliyobandikwa Marekani katika majimbo mengi haikuwa na kodi ya mauzo ndani yake, iliongezwa kaunta. Na gari lililotangazwa kwa bei fulani lilikuwa tupu. Ford Mustang ilitoka Aprili 1964 kwa dola 2,368, lakini redio na vikorombwezo vingine vililipiwa mbali.

Saa za kazi

Hadi hapa una shilingi, na shilingi bado haikuambii kitu. Yai la senti 34 S litamshtua bibi yeyote wa Tabora aliyeuza mayai miaka ile, naye atakuwa na haki ya kushtuka. Swali linalojibu ni moja: mtu alifanya kazi muda gani ili akipate?

Kwa Marekani viwango ni hivi. Kima cha chini cha serikali kuu kilikuwa dola 1.00 kwa saa hadi Septemba 1961, kikawa 1.15, na Septemba 1963 kikawa 1.25. Si kila kazi iliyolindwa na kima hicho. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje. Mfanyakazi wa kiwandani kwa wastani alipata dola 2.26 kwa saa mwaka 1960 na 2.39 mwaka 1962. Wiki ya kazi ni saa 40.

Gawa bei kwa malipo ya saa moja, kisha zidisha kwa 60 upate dakika. Dazeni ya mayai kwa mtu wa kiwandani mwaka 1960: 57 gawa kwa 226, mara 60, dakika 15. Kwa wa kima cha chini, dakika 34. Mustang ya 1964 ukiikadiria kwa dola mbili na nusu za saa ni saa 947, yaani wiki 24 za kazi bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Kwa shilingi ni 16,914.

Sasa upande wetu. Kama mzee alikuwa mwajiriwa, wa reli kwa mfano, uliza mshahara wa mwezi, siku za kazi, na saa kwa siku. Tuseme anakuambia shilingi 100, siku 26, saa 8. Hizo ni saa 208, na saa moja ni senti 48 S. Tuseme sukari anaikumbuka kwa senti 60 S kwa ratili. Ratili moja ilimgharimu saa moja na robo. (Namba hizi mbili ni za kuonyesha hesabu tu, weka za mzee wako.) Mmarekani wa kima cha chini mwaka 1962, kwa sukari ya bei ileile ya 1960, alifanya kazi dakika 6. Kwa shilingi, Mmarekani ndiye aliyelipa zaidi, senti 83 dhidi ya 60. Kwa jasho, wa Tabora alilipa mara kumi na mbili. Ndiyo maana bei isiyo na mshahara pembeni yake isiandikwe kabisa kwenye daftari lako, hata kwa muda.

Wengi hawakuwa na mshahara, na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Usikate. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa. Uliza usiku mmoja wa giza wa kawaida ulileta ndoo au makarai mangapi, wangapi waligawana, na mafuta ya taa yalikula kiasi gani. Mrina asali wa Tabora uliza madebe kwa msimu na idadi ya mizinga. Mkulima wa tumbaku uliza malipo ya msimu mzima kisha gawa kwa miezi yote 12, na siyo kwa miezi ya shamba peke yake, kwa sababu alikula miezi yote 12. Jibu litakuwa la kukadiria. Liandike kama makadirio, kwa mfano "kati ya siku 2 na 3", wala usilipambe kwa desimali.

Vitu visivyokuwapo upande mmoja viache. Mwaka 1960 karibu nyumba tisa katika kila kumi Marekani zilikuwa na televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Kulinganisha bei hapo hakuna maana. Linganisha redio kwa redio, baiskeli kwa baiskeli, jozi ya viatu kwa jozi.

Ukitaka kujua bei hizo ni sawa na dola ngapi za siku hizi, zidisha ya 1960 kwa 10.6 upate ya 2024, na ya 1964 kwa 10 na ushei. Hamburger ya senti 15 inakuwa kama dola moja na nusu. Hicho ni kipimo cha dola kwa dola. Usikivushe kuja shilingi ya leo kisha ukakilinganisha na shilingi ya mzee, maana shilingi imepita njia yake nyingine kabisa.

Nani aliruhusiwa kununua

Bei ubaoni haikuwa ya kila mtu. Tarehe 1 Februari 1960, huko Greensboro, North Carolina, wanafunzi wanne weusi waliingia duka la Woolworth, wakanunua vitu vidogo kama dawa ya meno, wakapokelewa fedha zao bila tatizo. Kisha wakakaa kaunta ya chakula ndani ya duka lilelile wakaomba kahawa. Wakakataliwa. Fedha zilikuwa zilezile. Kaunta hiyo ilifunguliwa kwa weusi Julai 25 mwaka huo, baada ya miezi ya kukaa na kususia, na sheria ya nchi nzima ya kukataza ubaguzi katika hoteli, migahawa na kaunta za chakula ilisainiwa tarehe 2 Julai 1964.

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1961, mabalozi wa nchi changa za Afrika waliokuwa wakisafiri kwa gari kati ya New York na Washington walikataliwa chakula kwenye migahawa ya barabara namba 40, jimbo la Maryland, hadi serikali ya Rais Kennedy ikalazimika kuingilia. Mwanafunzi kutoka Tabora aliyeandika nyumbani kwamba "chakula ni senti 80" huenda alikuwa anataja bei ya mahali pamoja tu alipoweza kukaa. Soma barua yake ukitafuta mahali, siyo namba peke yake: kantini ya chuo, nyumba ya kanisa, jikoni kwa familia iliyompokea. Andika mahali hapo kwenye safu yake mwenyewe ya daftari.

Na unapotumia wastani wa kipato, kumbuka unafunika nini. Mwaka 1960 familia ya katikati Marekani ilipata kama dola 5,620 kwa mwaka. Ukitenganisha, familia nyeupe ni kama 5,835 na zisizo nyeupe 3,233. Hesabu ya dakika uliyoifanya juu ifanye mara mbili. Anayeifanya mara moja kwa wastani ameandika historia ya watu weupe akidhani ameandika ya wote.

Kumuuliza mzee

Nenda asubuhi, kabla ya jua kali, na usiende na daftari mkononi. Shikamoo kwanza, na kama ni Mnyamwezi mwamkie mwangaluka, kama ni Muha mwakeye. Ukaribu unaoletwa na salamu hiyo huwezi kuupata kwa swali lolote. Halafu anza na kitu, usianze na bei. "Babu, sukari mlikuwa mnanunua kwa nani?" Akishamtaja mwenye duka na ukuta wa duka, bei itakuja yenyewe, mara nyingi pamoja na sarafu aliyolipia.

Mwaka usiuombe kwa namba. Upime kwa tukio: kabla au baada ya Uhuru; mvua kubwa za mwishoni mwa 1961; Jamhuri, Desemba 1962; Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964; na kwa watu wa Kigoma na Ujiji, mwaka maji ya ziwa yalipopanda yakala ufuko, 1964. Uliza bei ileile kwa njia mbili, siku mbili tofauti. Zikipishana, andika zote mbili na usimsahihishe. Bibi mara nyingi anajua bei za jikoni na kanga kuliko babu, na babu anajua baiskeli, nauli ya treni na kodi ya kichwa. Anayemuuliza mmoja tu anarudi na nusu.

Habari: saa na siku

Familia nyingi hukumbuka habari za Marekani kwa mahali walipokuwa redio iliposema. Ili kulinganisha, lazima ubadilishe saa, na kuna njia fupi inayofaa saa yetu ya Kiswahili. Kwa saa za Washington na Florida wakati wa baridi, ongeza 2 kwenye tarakimu ya saa. Wakati wa kiangazi chao, walipokuwa wamesogeza saa mbele, ongeza 1. Kwa Dallas wakati wa baridi ongeza 3. Halafu kumbuka kwamba kwa kweli sisi tuko mbele yao saa 7 hadi 9, kwa hiyo asubuhi yao ni jioni yetu na jioni yao ni usiku wetu wa manane.

Jaribu. Mwanaanga John Glenn alirushwa angani kutoka Florida tarehe 20 Februari 1962, saa zao 9:47 asubuhi. Ongeza 2: saa 11 na dakika 47 jioni kwetu, watu wakirudi mashambani. Mzunguko wake ulipita juu ya kituo cha kufuatilia vyombo kilichokuwa Zanzibar, iliyokuwa bado chini ya Uingereza. Kennedy alitangaza kuwapo kwa makombora ya Kisovieti huko Cuba tarehe 22 Oktoba 1962 saa 7:00 jioni za Washington, saa za kiangazi. Ongeza 1: saa 8 usiku, na kwetu ilikwisha kuwa tarehe 23. Hapa ndipo gazeti la Dar es Salaam na la Marekani hupishana tarehe bila lolote kukosea, na kwa sisi tulioletewa magazeti kwa treni, tarehe ya kusoma ilikuwa nyuma zaidi.

Kennedy, ambaye Julai 1963 alikuwa amempokea Mwalimu Nyerere Ikulu ya Washington, alipigwa risasi Dallas Ijumaa tarehe 22 Novemba mwaka huo, saa 12:30 mchana. Ongeza 3: saa tatu na nusu usiku. Kifo chake kilithibitishwa saa 1:00 mchana zao, yaani saa nne usiku kwetu. Sasa mzee wa Ujiji anaweza kukuambia alisikia "usiku wa Jumamosi", na mjukuu mwenye simu atataka kumsahihisha. Amwache. Kwa hesabu ya zamani usiku hutangulia mchana wake, na usiku baada ya jua la Ijumaa kuzama ni usiku wa Jumamosi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na pembeni weka: Ijumaa, 22 Novemba 1963, baada ya saa tatu na nusu usiku.